Kupima Maandishi ya Maradhi

Msomaji, umefundishwa kupima shairi. Waweza kusema kama vina vyake vimelingana, kama mizani yake imetimia, na kama maneno yake yana uzito au ni povu tupu. Umefundishwa pia kupima hadithi, ukajua kama watu wake ni watu wa kweli au ni vinyago. Lakini yako maandishi ya namna nyingine ambayo ni wachache wafundishwao kuyapima, nayo ni maandishi ya maradhi: vitabu na majarida yatuambiayo ugonjwa umetokea wapi, umeua wangapi, umepita njia gani na utazuiwaje. Shairi bovu humchosha msomaji wake. Taarifa mbovu ya ugonjwa humwua, tena humwua pamoja na jirani yake asiyejua kusoma.

Kwa sababu hiyo nataka tuyatie katika mizani maandishi ya Ulaya ya namna hii, vitabu vitatu na jarida moja, kutoka karne ya 17 hata siku zetu. Nimechagua Ulaya kwa kuwa huko kazi ya kuhesabu wagonjwa na wafu na kuipiga chapa hesabu hiyo ina historia ndefu, na makosa yake yamehifadhiwa pamoja na mafanikio yake. Mawe yetu ya mizani yatakuwa matatu. La kwanza: je, mwandishi amehesabu kwa uaminifu? La pili: je, ametuonyesha hesabu yake yote, pamoja na yale yanayompinga, ili tuweze kumsahihisha? La tatu: je, maneno yake yamewafikia kwa wakati, na kwa namna ya kufahamika, wale wenye uwezo wa kutenda?

Tuanze na lililo la kale. Katika karne ya 17 mji wa London ulikuwa na desturi ya kupiga chapa kila juma orodha ya waliokufa. Mtu alipofariki, wanawake wazee walioapishwa kwa kazi hiyo walikwenda kuutazama mwili na kusema ni ugonjwa gani uliomwua. Habari zao zilipelekwa kwa makarani, zikajumlishwa, na siku ya Alhamisi orodha ikatolewa kwa watu waliolipa shilingi nne kwa mwaka. Wengi waliitazama kwa haraka, wakaona kama tauni imezidi au imepungua, kisha wakaiweka kando. Matajiri waliitumia kujua wakati wa kuukimbia mji. Maskini, ambao hawakuwa na mahali pa kukimbilia, hawakuwa na haja ya kuinunua.

Mwaka 1662 alitokea mfanyabiashara wa nguo, jina lake John Graunt, akatoa kitabu kidogo kilichozichambua orodha hizo. Hakuwa daktari wala mwalimu wa chuo kikuu. Alikusanya orodha za miaka mingi, akazipanga, akaziuliza maswali kama hakimu amwulizavyo shahidi. Ubora wa kitabu chake ni kwamba hakuyasadiki maandishi yake mwenyewe ya asili. Aliwashuku wale wanawake wazee. Aliona kwamba magonjwa ya aibu yalikuwa machache mno katika orodha, akasema kwamba kikombe cha pombe au sarafu kidogo mkononi huweza kubadili jina la ugonjwa. Aliona tena kwamba katika miaka ya tauni magonjwa mengine nayo yalionekana kuua watu wengi ghafula. Akatambua hila iliyokuwamo: jamaa za maiti waliogopa nyumba yao kufungwa, basi tauni ikaandikwa kwa jina jingine. Kwa hesabu yake, waliokufa kwa tauni walizidi wale walioandikwa kwa kadiri ya robo.

Wahenga wetu walisema kwamba mficha maradhi, kifo humfichua. Graunt alionyesha ya kuwa kifo nacho huweza kufichwa, na kwamba msomaji mwenye macho anaweza kukifichua kwa kalamu na karatasi. Katika jiwe la kwanza na la pili kitabu chake ni kizito. Katika la tatu ni chepesi, kwa maana kilieleza wangapi walikufa lakini hakikuweza kueleza ugonjwa ulipita mlango gani. Swali hilo lilingoja karibu miaka 200.

Sasa tufike kwenye kitabu ambacho ndicho moyo wa insha hii. John Snow alizaliwa mjini York mwaka 1813, mtoto wa kibarua. Akawa daktari, akapata sifa kwa ustadi wake wa kuwatia wagonjwa usingizi kabla ya kupasuliwa. Mwaka 1853 ndiye aliyemvutisha Malkia Victoria klorofomu alipokuwa akijifungua. Lakini jambo lililomsumbua moyoni lilikuwa kipindupindu. Mwaka 1849 alitoa kijitabu chembamba juu ya njia ambayo kipindupindu hupita kutoka mtu hata mtu. Mwaka 1855 akakitoa tena, kimekuwa kitabu kamili.

Ili ukipime kitabu hiki kwa haki, yakupasa kwanza kukumbuka walivyoamini watu wa zama zake. Madaktari wengi wakubwa waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa mbaya itokayo katika uozo: harufu ya majaa, vinyesi na mito michafu. Hakuna aliyekuwa amethibitisha kuwapo kwa kidudu cha ugonjwa huo. Robert Koch alikithibitisha mnamo 1883 na 1884. Snow basi aliandika juu ya adui ambaye hakumwona. Dai lake lilikuwa hili: sumu ya kipindupindu humezwa, hutoka katika matumbo ya mgonjwa, huingia katika maji, na kwa maji hayo huingia katika matumbo ya mwingine.

Ushahidi wake mmoja umekuwa mashuhuri sana. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kiliingia ghafula katika mitaa iliyo karibu na Broad Street, Soho, kikaua zaidi ya watu 500 katika muda wa siku kumi. Snow alitafuta anwani za wafu, akaona kwamba wengi waliishi karibu na pampu moja ya maji ya barabarani. Lakini tazama, msomaji, jinsi alivyofanya kazi. Hakutosheka na wale waliomwunga mkono. Aliwatafuta wale waliompinga. Palikuwa na nyumba ya maskini karibu na hapo, yenye watu 535, na ni 5 tu waliokufa humo. Kwa nini? Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake yenyewe. Palikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, wala hakuna aliyekufa. Kwa nini? Watu wale walipewa bia, na mwenye kiwanda aliamini kwamba hawakunywa maji ya pampu ile kabisa. Tena palikuwa na mjane aliyekufa mbali, Hampstead, mahali ambapo hapakuwa na kipindupindu. Huyu mbona alikufa? Snow akauliza, akaambiwa kwamba mama huyo alikuwa amekaa Broad Street zamani, akayapenda maji ya pampu ile, na kila siku aliletewa chupa yake kwa gari. Mtoto wa ndugu yake aliyemtembelea alikunywa naye, akarudi kwake Islington, akafa.

Hapa ndipo penye uhakiki wa kweli wa ushahidi. Mtu mwongo huogopa swali gumu. Snow alilifuata mpaka mlangoni kwake.

Tarehe 7 Septemba alizungumza na wakuu wa mtaa, na kesho yake mpini wa pampu ukaondolewa. Wasimulizi wengi wa baadaye wamekimaliza kisa hapo kama hadithi ya shujaa: mpini ukatoka, ugonjwa ukakoma, watu wakaokoka. Je, Snow mwenyewe asema hivyo? La, hasemi. Katika kitabu chake aeleza wazi kwamba watu wengi walikuwa wamekwisha kuukimbia mtaa, na kwamba wagonjwa wapya walikuwa wamepungua sana kabla ya mpini kuondolewa. Kwa hiyo haiwezekani kukata shauri kama maji yale yalikuwa bado na sumu au la. Fikiri jambo hili. Alikuwa na ushindi mkononi, umepambwa tayari na wenye kumsifu, naye akaupunguza kwa kalamu yake mwenyewe. Kwangu mimi maneno hayo machache yana thamani kuliko ramani yake mashuhuri yenye mistari myeusi ya wafu. Mwandishi akubaliye kudhoofisha hoja yake inapodhoofika, hustahili kusadikiwa anaposema kwamba ina nguvu.

Lakini nguzo kubwa ya kitabu si pampu. Ni uchunguzi wa kampuni mbili za maji za kusini ya London. Kampuni ya Southwark na Vauxhall ilichota maji yake katika mto Thames ndani ya mji, mahali palipoingia vinyesi. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehama mwaka 1852, ikachota maji yake Thames Ditton, juu ya mto, mbali na uchafu wa mji. Mabomba ya kampuni hizi yalipita katika mitaa ile ile. Nyumba moja ilipata maji ya kampuni hii, ya pili yake ilipata ya kampuni ile. Hewa ilikuwa moja, harufu ilikuwa moja, umaskini na utajiri ulichanganyika. Watu 300,000 walikuwa wamegawanywa mafungu mawili bila ya wenyewe kujua.

Snow alikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza. Wapangaji wengi hawakujua maji yao yalitoka kampuni gani, kwa kuwa mwenye nyumba ndiye aliyelipa. Akatafuta hila ya kisayansi: maji ya kampuni ya mjini yalikuwa na chumvi kadiri ya mara 40 kuliko yale ya Thames Ditton, naye aliweza kuitambua chumvi hiyo kwa kuyatia maji matone ya dawa iliyotengenezwa kwa fedha. Kisha akaweka jedwali lake. Katika majuma saba ya kwanza ya ugonjwa, nyumba 40,046 za Southwark na Vauxhall zilipata vifo 1,263, yaani vifo 315 kwa kila nyumba 10,000. Nyumba 26,107 za Lambeth zilipata vifo 98, yaani 37 kwa kila nyumba 10,000. Sehemu nyingine zote za London zilikuwa na nyumba 256,423 na vifo 1,422. Snow aandika kwamba ni 59 kwa kila nyumba 10,000.

Sasa chukua kalamu, msomaji. Gawanya 1,422 kwa 256,423, kisha uzidishe kwa 10,000. Utapata 55 na kitu, wala si 59. Ama ni kosa la mwandishi, ama ni la mpiga chapa, jedwali lina kosa, nawe umeliona katika dakika moja, zaidi ya miaka 160 tangu lipigwe chapa. Je, kosa hili laiangusha hoja? Haliigusi, kwa sababu tofauti baina ya 315 na 37 imesimama imara. Lakini tazama lile linalotufundisha. Umeweza kumsahihisha Snow kwa kuwa Snow alikupa nyumba na vifo, hakukupa jibu tu. Angaliandika tu kwamba maji mabaya huua sana, usingalikuwa na la kumpinga wala la kumsadikia. Mwandishi aliyekuwekea hesabu yake mezani amekuheshimu. Amekufanya mwenzake katika kazi.

Nisikusifie kitabu hiki bila ya kukitia ila zake. Kina visa vingi vilivyorundikwa juu ya visa, na msomaji asiye mvumilivu huweza kuchoka kabla ya kufika penye nguzo. Tena kina kosa lililo kubwa zaidi. Karibu na mwisho, Snow aliinyosha hoja yake mbali kuliko urefu wa kamba yake. Kwa kuwa maji yalieleza kipindupindu, alidhani kwamba huenda yakaeleza pia tauni, homa ya manjano, na hata homa za vipindi zitokazo penye mabwawa, yaani malaria. Wewe uliyelala chini ya chandarua tangu utoto wajua kwamba malaria haiji kwa maji ya kunywa. Huletwa na mbu. Homa ya manjano nayo huletwa na mbu, na tauni ya mitoki huenezwa na viroboto wa panya. Katika kurasa hizo hapana nyumba zilizohesabiwa wala kampuni zilizolinganishwa. Pana kufananisha tu. Mtu yule yule, katika kitabu kile kile, alisema kweli alipohesabu na alikosea alipokisia. Basi usimsadiki mwandishi kwa sababu ya jina lake, ingawa jina hilo ni kubwa. Msadiki mahali alipokuonyesha, na umwulize mahali asipokuonyesha.

Na jiwe la tatu je? Hapa mizani ya Snow yapanda juu kwa wepesi. Rafiki yake aliyeandika habari za maisha yake asema kwamba Snow alitumia zaidi ya pauni 200 za mfukoni mwake kukitoa kitabu, na kilichorudi kwa mauzo kilikuwa kidogo mno. Kamati ya serikali iliyochunguza kipindupindu cha 1854 haikuikubali hoja yake. Alikufa mwaka 1858, kabla ya kukubaliwa. Jarida la Lancet lilitangaza kifo chake kwa maneno machache bila ya kutaja kazi yake ya kipindupindu. Mwaka 2013 jarida hilo hilo likachapisha masahihisho, yaliyochelewa kwa miaka 155.

Lakini mbegu haikufa. William Farr, mkuu wa takwimu katika ofisi ya serikali ya kuandikisha vizazi na vifo, hakukubaliana na Snow. Alikuwa mtu wa hewa mbaya. Hata hivyo ndiye aliyempa Snow anwani za wafu, kwa kuwa aliona hesabu ni mali ya kweli na si mali ya upande mmoja. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi, kikaua zaidi ya watu 5,000 katika mashariki ya London. Farr akazitazama takwimu zake, akaona mauti yameifuata kampuni moja ya maji, akabadili shauri lake mbele ya watu. Huo ni uungwana mkubwa. Lakini watu wale 5,000 hawakurudi, na kitabu kilichowaeleza jambo hilo kilikuwa kimekwisha kupigwa chapa miaka 11 kabla yao.

Tukilinganisha Snow na mtu wa pili wa zama hizo, tutaona jinsi ukweli mtupu usivyotosha. Katika hospitali kuu ya Vienna palikuwa na wodi mbili za kuzalisha. Katika ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari, na katika ya pili walifundishwa wakunga. Mwaka 1846 wodi ya kwanza ilipata wazazi 4,010, wakafa 459. Wodi ya pili ilipata wazazi 3,754, wakafa 105. Kina mama walijua siri hiyo mjini, wakalia wasipelekwe wodi ya kwanza. Daktari kijana wa Hungaria, Ignaz Semmelweis, alitambua mwaka 1847 kwamba madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaja kuwashika wazazi, na mikono yao ndiyo iliyobeba mauti. Akaamuru mikono ioshwe kwa maji yenye chokaa ya klorini. Mwaka 1848 wodi ile ile ya kwanza ilipata wazazi 3,556, wakafa 45.

Hesabu kama hizo zingaliweza kusema zenyewe bila ya mpiga debe. Semmelweis alifanyaje nazo? Rafiki zake waliandika makala fupi kwa niaba yake, na wasomaji wengine wakazifahamu kwa kombo. Yeye mwenyewe hakutoa kitabu chake mpaka mwaka 1861, miaka 14 baada ya uvumbuzi wake. Nacho kilipotoka kilikuwa na zaidi ya kurasa 500. Ndani yake mna majedwali ya thamani kuu, lakini yamezingirwa na maneno yaliyorudiwa na hasira iliyochemka. Baadaye akawaandikia maprofesa barua za wazi akiwaita wauaji.

Mtu mmoja aweza kuniambia, “Je, hakuwa na haki ya kukasirika? Kina mama walikuwa wakifa.” Haki alikuwa nayo, tena kubwa. Lakini uhakiki hauulizi haki ya hasira tu, huuliza pia matunda yake. Daktari aliyeitwa mwuaji alikuwa na njia mbili: kukiri kwamba ameua wagonjwa wake, au kukifunga kitabu. Wengi walikifunga. Semmelweis alikufa mwaka 1865 akiwa hajasikilizwa na wengi, na wazazi wakaendelea kufa katika hospitali ambazo zingaliweza kuwaponya kwa bakuli la maji na dawa. Kwa jiwe la kwanza ni mwaminifu. Kwa la pili ametuonyesha takwimu zake. Kwa la tatu ameanguka, na anguko lake lina makaburi.

Tutoke karne ya 19 tuje siku zetu. Ulaya ya leo ina jarida liitwalo Eurosurveillance, ambalo kazi yake ni habari za kuchunguza na kuzuia magonjwa ya kuambukiza. Lilianzishwa mnamo 1995, na tangu mwaka 2007 hutolewa na Kituo cha Ulaya cha Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa, kilicho karibu na Stockholm, Uswidi. Hutoka kila Alhamisi, siku ile ile ya orodha za wafu za London. Lakini msomaji wake halipi shilingi nne wala senti moja, na mwandishi naye halipi ili maandishi yake yatoke. Daktari wa Kisumu aweza kulisoma saa ile ile alisomayo daktari wa Paris. Laiti Snow angaliishi kuliona! Zile pauni 200 angalizinunulia dawa zake.

Jarida hili lina namna ya makala fupi zinazotolewa haraka ugonjwa unapozuka, baada ya kusomwa kwanza na wataalamu wengine. Hapo methali zetu mbili hugombana. Moja yasema haraka haraka haina baraka. Nyingine yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mhariri wa habari za maradhi huishi baina ya methali hizo mbili kila juma. Akichelewa, atakuwa Semmelweis wa miaka 14. Akikimbia, huenda akakisia kama Snow alivyoikisia malaria.

Mfano ni wa Januari 2020. Ugonjwa mpya wa mapafu ulikuwa umezuka Wuhan, China. Wanasayansi wa Ulaya na Hong Kong walitengeneza kipimo cha kuvitambua virusi vyake kabla hata ya kupata virusi vyenyewe mkononi. Walitumia mpangilio wa chembe za urithi uliokuwa umetangazwa, na ujuzi wa virusi vya jamii hiyo vilivyotokea mwaka 2003. Makala yao yalipokewa na jarida tarehe 21 Januari, yakakubaliwa tarehe 22, yakatolewa tarehe 23. Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi, ilikuwa siku 50 tangu makala hayo yatolewe wazi kwa maabara yoyote duniani.

Baadaye walitokea watu wakayashambulia. Walisema yalisomwa kwa haraka mno, yana kasoro katika namna ya kipimo, na kwamba wawili katika waandishi wake walikuwa pia katika baraza la wahariri wa jarida. Mwezi wa Novemba 2020 wakaomba makala yafutwe. Jarida liliwauliza wataalamu, likajibu Februari 2021 kwamba hapakuwa na sababu ya kuyafuta.

Nionavyo mimi, kukubali makala katika siku moja ni jambo la kuulizwa, na kuwapo kwa waandishi katika baraza la wahariri ni jambo ambalo msomaji ana haki ya kuambiwa tangu mstari wa kwanza. Wenye kuuliza hawakukosea kuuliza. Lakini kipimo chenyewe kilikuwa kimeandikwa hatua kwa hatua, kwa hiyo maabara nyingi ziliweza kukijaribu, kukilinganisha na vingine, na kukirekebisha palipohitaji. Makala yaliyofunguliwa hivyo hupata wahakiki elfu baada ya kutolewa. Haraka iliyofunguliwa milango huweza kusamehewa. Haraka iliyofungiwa ndani ndiyo ya kuogopwa. Hilo ndilo jiwe la pili, nalo naliona zito kuliko mengine, kwa sababu ndilo liwezalo kuponya makosa ya mawili yaliyobaki.

Msomaji, huenda hutakuwa daktari. Lakini utakuwa mzazi, mwalimu, karani wa kata, mwandishi wa gazeti au diwani, na siku moja karatasi au simu itakuletea habari kwamba ugonjwa fulani umeingia na dawa fulani yauponya. Habari hiyo huenda ikawa na jina kubwa juu yake na maneno ya kutisha ndani yake. Usiogope jina, wala usiogope maneno. Uliza: wamehesabiwa wangapi, katika wangapi? Nani hakuugua, na kwa nini? Mwandishi amekubali wapi kwamba hajui? Ukiona majibu, soma kwa makini na utende upesi. Usipoyaona, usiipeleke habari hiyo kwa jirani yako.

Na kama utakuwa daktari, au muuguzi katika zahanati ya mbali, utapewa daftari la kuandika wagonjwa wa kila siku. Litakuwa kazi ya kuchosha. Utashawishika kuandika tano mahali pa saba, au kuacha ukurasa mtupu ukaujaza mwishoni mwa mwezi kwa kukisia. Siku hiyo mkumbuke Snow mlangoni pa wageni, akiuliza maji yao yatoka wapi. Daftari lako ni mwanzo wa kitabu ambacho mwingine atakiandika, na katika safu zake ndimo watakamopatikana, au watakamopotea, watu ambao wangaliweza kuponywa.